Mmeitwa vibonde: fanyeni haya kabla ya kupanda basi la Dar

Ratiba ya mashindano ya besiboli ikitoka, ukasikia timu mliyopangwa nayo inachekelea, usimpigie mtu simu. Mimi nilipiga. Nilibishana na mwalimu mmoja wa Dar mpaka vocha ikaisha, nikimweleza kwamba vijana wangu wa Moshi si vibonde. Wiki mbili baadaye tukafungwa 14 kwa 2. Mwaka uliofuata walipocheka nilikaa kimya.

Anza kwa kuwauliza wachezaji wenyewe: kwa nini tunaitwa vibonde? Wangu waliandika ubaoni mambo matatu bila kuoneana haya. Hatupigi mipira mirefu. Tuna mrushaji mmoja tu, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira. Viatu vinatuteleza. La viatu lilikwisha Jumamosi moja pale Memorial, kwenye mitumba. La mipira mirefu sikuhangaika nalo kabisa, maana mikono ya mtoto wa kidato cha pili hainenepi kwa miezi miwili hata umlishe machalari kila siku.

Badala yake fundisheni banti, yaani kuugusa mpira badala ya kuupiga. Mkono wa juu unateleza hadi katikati ya rungu, vidole vikae nyuma yake visije vikapondwa, na rungu lishikwe kwa ulegevu kama mtu anayepokea yai. (Zamani tukiliita gongo, hadi mzazi mmoja alipokuja shuleni kuuliza kwa nini mwanawe anasema mwalimu amewagawia gongo.) Mimi hutandika gunia la mahindi mita tatu mbele ya mpigaji, na mpira unatakiwa ufie juu yake. Kila mmoja mara 20 kwa siku, jua au vumbi. Mpira ukifia hapo, mrushaji na mdakaji wanatazamana nani aende, na kijana wako ana mita 27 na ushee tu za kukimbia hadi besi ya kwanza.

Kwa nini nasisitiza hili? Timu inayokudharau imejiandaa kukurushia mpira, haikujiandaa kuuokota. Mwaka 2006 St. Louis Cardinals waliingia fainali ya Marekani wakiwa wameshinda mechi 83 tu msimu mzima, Detroit Tigers wakiwa na 95. Warushaji wa Tigers walifanya kosa la kushika au kutupa mpira katika kila mechi ya fainali ile, mechi tano makosa matano, na Cardinals wakabeba kombe kwa 4 kwa 1.

Ila mfano ninaowasimulia vijana ni wa Japani, kwa kuwa nao ni wanafunzi. Mwaka 2018 shule ya kilimo ya Kanaashi, kutoka Akita, ilifika robo fainali ya Koshien, mashindano ya kitaifa ya besiboli ya shule za sekondari. Awamu ya tisa, ndiyo ya mwisho, iko nyuma 2 kwa 1 dhidi ya shule ya Omi, besi zote zina watu. Mpigaji akagusa banti. Wa besi ya tatu akaingia nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, ikawa pointi; na wakati Omi wanahangaika kumtoa mpigaji kule besi ya kwanza, wa besi ya pili naye hakusimama; akapitiliza hadi nyumbani. Tatu kwa mbili, mechi imekwisha. Hapo darasa zima hupiga kelele, nami huwaacha.

Kisha nawasimulia iliyobaki. Mrushaji wao, Kosei Yoshida, alirusha mipira 881 katika mashindano yale. Kwenye fainali Osaka Toin waliwafunga 13 kwa 2. Kibonde akianza kushinda, kishawishi ni kumtumia yule yule mwenye mkono mzuri hadi mkono uchoke. Andaeni wa pili mapema, hata kama anarusha polepole. Wa kwangu wa pili alikuwa mfupi, mpira wake unakwenda kama barua ya posta, na wapigaji wa Dar waliokuwa wamezoea kasi walizungusha marungu kabla haujafika. Tulishinda 4 kwa 3. Mechi iliyofuata tulifungwa, sawa.

Joto la Dar lisiwashtukize. Fikeni siku moja kabla, mnywe maji ya kutosha, na chipsi za stendi muwaachie abiria wengine.

Gunia nalo libaki nyumbani. Mkifika uwanjani msifanye banti hata moja mbele yao. Pasheni misuli kwa kupiga mipira mirefu, hata ile isiyofika popote. Wakicheka, waacheni wacheke.