Jinsi ya kugeuza vitabu vya majini na uchawi kuwa filamu (na usichague mtoto kama nilivyochagua mimi)

Binamu yangu kaja juzi kutoka Kasulu na vitabu vitatu kwenye bahasha ya kaki, vyote vya mwandishi mmoja: mto unaongea, watu wanageuka fisi, alimradi vituko. "Kaka, hivi si vinatoka filamu?" Vinatoka. Mimi na wenzangu hapa Ujiji tumeshatoa filamu mbili kutoka vitabu vinne vya mwalimu mmoja mstaafu, kisa cha mtoto aliyechukuliwa na jini wa Ziwa Tanganyika. Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Sasa naandika, maana najua yuko mwingine anayehangaika.

Hatua ya 1: Haki

Mwalimu alituambia, "Chukueni tu, wanangu." Tukashukuru, kesho yake tukampelekea karatasi asaini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ruhusa ya kugeuza kitabu kuwa filamu anayo mwandishi, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kama ni marehemu, tafuta warithi. Taja vitabu vyote kwenye mkataba, hata ambacho bado hajakiandika. Ukichukua cha kwanza peke yake na filamu ikapendwa, bei ya cha pili haitakuwa ya undugu.

Hatua ya 2: Soma vyote, ndipo uandike

Kaunta buku moja, kalamu mbili. Ya bluu kwa kinachoonekana, nyekundu kwa kinachopita kichwani mwa mhusika tu. Programu za kuandikia skripti zipo, mimi sizigusi mpaka rasimu ya tatu. Kila chekundu kigeuke bluu au kife.

Kitabu chetu cha kwanza kina ukurasa mzima na nusu kuhusu mtoto anavyoyaogopa maji tangu mama yake azame. Kwenye filamu: mtoto yuko Kibirizi, mwaloni wavuvi wanaposhushia samaki, anachota maji ya ndoo kunawa miguu, na ziwa liko hatua mbili nyuma yake. Sekunde kumi na mbili, hakuna aliyesema neno.

Hatua ya 3: Kata

Vitabu vya Harry Potter ni 7, filamu zikawa 8. Hao wana hela. Sisi vinne tulivifanya mbili, na shangazi wote watatu wakawa shangazi mmoja.

Hatua ya 4: Waigizaji

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka.

Kitabuni mtoto ana miaka 12. Tukampata wa miaka 13, macho makubwa, hana woga wa kamera. Tukashuti filamu ya kwanza likizo ya Juni. Hela ikakata. Tuliporudi baada ya miezi kumi na minne, steringi wetu anasalimia "shikamoo" kwa sauti ya baba mwenye nyumba, na amempita kimo anayeigiza kaka yake. Wakati kwenye hadithi, kati ya kitabu cha kwanza na cha pili zimepita siku tatu!

Tulijaribu kumsimamisha kaka mtu juu ya kreti la soda. Tukajaribu kudabu sauti ya mtoto mwingine, usiku tatu mfululizo, midomo ikawa huku na maneno kule. Mwishowe tukabadilisha skripti: huko chini ya maji siku tatu, mwilini mwa mtoto mwaka mzima. Mwalimu alinuna wiki mbili kabla ya kukubali. Sasa shika haya:

Chukua mtoto mdogo kuliko umri wa kitabuni, usichukue mkubwa. Nenda nyumbani kwao, waamkie wazazi, umwangalie kaka yake: huyo ndiye steringi wako mwakani. Na kama kitabu cha pili kinaanza pale pale cha kwanza kilipoishia, shuti sini zote za mtoto za filamu zote mbili ndani ya likizo moja, hata kama za watu wazima zitasubiri.

Wazee nao wana hesabu yao. Richard Harris aliigiza mzee Dumbledore kwenye filamu mbili za Harry Potter, akafariki 2002, nafasi akachukua Michael Gambon. Anayeigiza bibi kwetu yuko hai, alhamdulillah, lakini tumempa mtandio na fimbo ambavyo mtazamaji anavijua kuliko uso.

Usaili: usiwape mistari ya skripti, watakariri kama ngonjera. Mimi namwambia mtu, "Elfu kumi yangu imepotea hapa, na ni wewe umechukua." Anavyokana ndivyo atakavyoigiza. Kwa nafasi ya jini walikuja wanaume kumi na moja, wote wanatoa macho na kukoroma. Tukamchukua mama anayeuza samaki, migebuka, mfupi, mpole. Nilipomsingizia wizi hakupepesa hata jicho, akasema taratibu, "Mwanangu, hebu tafuta vizuri." Nikaingia mfukoni mwangu mwenyewe.

Na tafadhali, usilete staa wa Dar aigize mvuvi wa Katonga. Akifungua mdomo tu, Ujiji nzima inajua.

Hatua ya 5: Vibali

Bodi ya Filamu, mtendaji wa mtaa, viongozi wa mwalo. Anza mapema.

Hatua ya 6: Uchawi

Kitambaa cha kijani, kile cha kubadilishia mandhari kwenye kompyuta, ukikitundika ufukweni ni kumpa upepo kazi. Mji wanakoishi majini kwenye filamu yetu ni taa za wavuvi wa dagaa, tumezichukua kutoka mlimani Bangwe usiku. Zinahitaji giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, nawe utashuti ziwa tupu. Ulizia pia ratiba ya kufunga ziwa, yaani uvuvi kusimamishwa: 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na likizo ya Juni ikawa humo humo. Sauti ya jini tumeirekodi ndani ya tangi tupu la maji, simu ikiwa imefungwa kwenye soksi.

Kuhariri unajua, binamu, sikufundishi. Ila yule mtoto uliyenionyesha picha, Jumamosi njoo naye. Na kaka yake pia.