Wiki za Mwanzo za Dawa ya Sonona
Ikiwa umeanza juzi kumeza dawa ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, fahamu kwamba kichefuchefu, maumivu ya kichwa na usingizi wa mang'amung'amu mara nyingi hutangulia nafuu, kwani nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na huenda ikachukua wiki 6 au zaidi kukamilika. Fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, kwa kawaida humezwa asubuhi kwa sababu inaweza kukunyima usingizi; ukiimeza baada ya mahamri na mbaazi badala ya tumbo tupu, kichefuchefu huwa chepesi zaidi. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, humezwa usiku, kwa kuwa huleta usingizi na kukausha kinywa, na katika joto hili la Mombasa ni vyema chupa ya maji isikae mbali nawe. Usiikatize dawa ghafla, hata Ramadhani ikiingia: mwombe daktari akupangie saa kati ya futari na daku. Ninalolisisitiza kuliko yote, hasa kwa walio chini ya miaka 25, ni kwamba wasiwasi ukizidi au fikira za kujidhuru zikikujia, umwambie mtu wa nyumbani saa hiyo hiyo, nanyi mwende hospitali bila kungoja siku ya miadi.