Kunyoosha diski ya breki ya baiskeli kwa kifaa cha kujitengenezea

Diski ikianza kukwaruza pedi, usikimbilie kuivuta. Inua gurudumu, lizungushe taratibu, usikilize. Mkwaruzo usiokatika mzunguko mzima hutoka kwenye kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi, iliyokaa upande: legeza bolti zake mbili, iweke katikati, kaza. Mkwaruzo unaokuja na kupotea kila mzunguko ndio dalili ya diski iliyopinda. Hata hapo, hakikisha kwanza kwamba ekseli imekaa sawasawa, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) hazichezi, na bolti za diski zimekaza. Bolti moja ikilegea, diski nzima huyumba, na ukiinyoosha ikiwa hivyo unaipinda mwenyewe.

Pima unene pia. Diski nyingi mpya zina milimita 1.8, na za Shimano zikifika 1.5 ni za kubadilishwa. Usihangaike kunyoosha iliyokwisha, na yenye ufa tupa moja kwa moja.

Kifaa chenyewe ni chuma bapa, kile cha flati, chenye upana wa milimita 25 hadi 30, unene wa 5 na urefu wa sentimita 20. Kirefu zaidi ya hapo huongeza nguvu hadi mkono hausikii tena chuma kinapoanza kulegea, na ndipo watu hupitiliza. Kila ncha itakatwa mwanya mmoja, kwa kufuata urefu wa chuma: upande mmoja kina cha milimita 12, unaoshika ukingo tu, na upande wa pili milimita 28, unaofika kwenye mikono ya diski, yaani vipande vinavyounganisha ukingo na kitovu chake.

Bana chuma kwenye jiliwa, chora mstari katikati ya ncha, anzisha alama kwa tupa. Kisha funga visu viwili vya msumeno wa chuma kwa pamoja kwenye fremu moja, meno yakielekea upande mmoja. Kisu kimoja hutoa mwanya mwembamba mno, na kukata mistari miwili ubavu kwa ubavu huishia na mwanya uliopinda. Visu viwili hukaribia kipimo. Kinachobaki kipanue kwa msasa namba 120 uliokunjwa juu ya kisu kikuukuu. Lenga milimita 2 kwa diski ya 1.8: iingie bila kulazimishwa na isicheze sana. Hapa usifanye haraka. Mwanya mpana hushika diski kwa kingo mbili tu, ukaacha kona kali ambayo ni vigumu kuiondoa kuliko mkunjo wa mwanzo. Malizia kwa kuviringa midomo ya mwanya kwa tupa, usugue kwa msasa 400, kisha ufute vumbi na mafuta yote kwa spiriti. Mafuta yakifika kwenye pedi, breki itapiga kelele na kupoteza nguvu.

Kama huna jiliwa, spana malaya iliyofungwa karatasi safi mdomoni inaweza kutosha badala ya kifaa hiki, mradi uikaze hadi ishike diski bila kucheza.

Utahitaji pia mshale wa kupimia. Funga ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye foku, au kwenye fremu kwa gurudumu la nyuma, ukate mkia wake mpaka ukaribie kugusa diski. Weka karatasi nyeupe nyuma yake uone mwanga. Usiguse diski inayozunguka kwa kidole. Matundu yake hukata kidole kweli. Na usigeuze baiskeli yenye breki za mafuta juu chini, kwa sababu hewa inaweza kuingia kwenye kalipa. Itundike.

Zungusha taratibu. Mahali diski inapoanza kugusa mshale na inapoachia, weka alama kwenye mikono ya diski, si kwenye uso unaoguswa na pedi. Katikati ya alama hizo ndiko kwenye kilele. Ingiza mwanya mfupi hapo, vuta kidogo upande wa pili, achia, zungusha tena. Mvuto wa kwanza huenda usibadilishe kitu, kwa kuwa chuma hurudi. Ongeza kidogo kidogo hadi kiitikie. Mkunjo mrefu uvute sehemu tatu, siyo katikati peke yake. Ikiwa mikono nayo imelala, tumia mwanya mrefu. Diski yenye kitovu cha alumini na riveti, vuta uso wa chuma tu.

Diski ya moto iache ipoe kwanza. Ikibaki yumbo la chini ya milimita 0.2, iache hivyo. Kwenye breki nyingi za waya pedi moja tu ndiyo inayosogea, nayo husukuma diski hadi pedi tuli, kwa hiyo sogeza pedi tuli ikaribie diski bila kugusa.

Futa diski kwa spiriti, funga breki mara kadhaa barabarani, kisha izungushe tena mbele ya mshale. Ikiwa imerudi kidogo baada ya joto la kwanza, mvuto mmoja mwepesi kwenye alama ileile unatosha.