Kudai fidia ya saratani inayohusishwa na poda ya talki: pa kuanzia Lubumbashi

Kabla ya kumwona wakili, omba hospitalini nakala ya majibu ya maabara yanayotaja aina ya saratani, kwa maana mashauri mengi ya Marekani dhidi ya kampuni iliyouza poda hiyo, Johnson & Johnson yanahusu saratani ya ovari na mesotelioma (saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo). Usitupe kopo la poda, hata likiwa tupu: jina la mtengenezaji na viambato vilivyoandikwa hapo vina uzito kuliko kumbukumbu, na risiti za sokoni, tukubali, ni adimu. Wakili atalazimika kuthibitisha kosa, madhara na uhusiano kati yake, kama kifungu cha 258 cha sheria ya madai ya Kongo kinavyotaka. Asiye na uwezo aulize ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la mawakili.