Jinsi ya kufuatilia rekodi za babu aliyejeruhiwa akiwa askari wa Keya

Familia nyingi za askari wa Keya (K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) huanza kwa kuandika jina la babu kwenye intaneti, hazipati kitu, zinaachia hapo. Jina ni kiungo dhaifu. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia: Khamis akawa Hamisi au Amisi, jina la baba likaachwa, pengine kijiji kikageuzwa jina la ukoo. Vitu vitatu vina nguvu zaidi: namba ya jeshi, batalioni, na mahali au mwezi alipoumia. Ukipata viwili kati ya hivyo, kazi inaenda.

Sanduku la bati kwanza

Tafuta cheti cha kuachishwa jeshi. Humo mna namba, batalioni, tarehe ya kuingia na kutoka, na sababu ya kuachishwa. Soma sababu hiyo kwa makini. Waliorudishwa kutoka Burma wakiwa wagonjwa wa malaria au "scrub typhus", homa inayoletwa na utitiri, walikuwa wengi sana, na nyumbani wote huitwa "majeruhi". Herufi zilizo mbele ya namba zinakili zote kama zilivyo, maana namba bila herufi inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Cheti kipige picha pande zote mbili, kivulini, mchana. Usikipeleke kupigwa lamination. Joto huyeyusha gundi ya plastiki ikaingia kwenye karatasi, na kuitoa tena haiwezekani. Selotepu nayo huacha doa la njano. Kihifadhi katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaofungia unyevu.

Kisha nishani. Za Vita vya Kwanza vya Dunia, ile ya fedha na ile ya shaba yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, kwa kawaida zimechongwa ukingoni: namba, jina, kikosi. Shika nishani kwa kingo, izungushe polepole chini ya taa iliyolala ubavuni, na herufi zitajitokeza. Kamwe usiisugue kwa Brasso. Herufi hizo ni za kina kifupi, na nishani iliyong'arishwa miaka mingi hubaki na ukingo mtupu. Nyota za Vita vya Pili, zilizotolewa na Uingereza, hazina jina lolote, kwa hiyo usilitafute. Angalia zimeandikwa nini: nyota ya Afrika, kwa Keya, huhusu vita vya Abisinia (Ethiopia) hadi Novemba 1941, ya Burma huhusu Desemba 1941 hadi Septemba 1945. Bukini, yaani Madagaska, ambako Keya walipigana mwaka 1942, haikupewa nyota yake. Hakuna nishani ya Uingereza iliyotolewa kwa sababu ya jeraha. Ukiona kwenye picha ya zamani kifito chembamba cha dhahabu kilichosimama wima kwenye sehemu ya chini ya mkono wa kushoto wa sare, hicho ndicho alama ya kujeruhiwa. Usikichanganye na "V" za cheo, ambazo hukaa juu karibu na bega.

Wazee

Usiwaulize mwaka. Waulize alisafiri kwa lori au kwa meli, alirudi kabla au baada ya njaa ya 1943, nani alizaliwa akiwa hayupo. Aliyepanda meli akafika Silon (Sri Lanka) kwanza, kisha misitu yenye mvua isiyokatika, huenda alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw, Burma, kuanzia Agosti 1944 na kuingia Kalewa Desemba mwaka huo. Humo batalioni za 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika, ya 11 ya Kenya, na za 4, 34 na 44 za Uganda. Mzee akitaja vyeo vya "ombasha" au "shaushi", fikiria pia kwamba babu alikuwa upande wa Mjerumani katika Vita vya Kwanza. Huko njia ya kutafuta ni nyingine kabisa.

Nyaraka

Usitarajie faili binafsi la askari Mwafrika kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Kilichopo ni shajara za vita za kila batalioni: fungu WO 95 kwa Vita vya Kwanza, WO 169 kwa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili, WO 172 kwa Burma. Shajara hutaja maofisa kwa majina na askari kwa hesabu tu: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Inauma kusoma, lakini tarehe na mlima vimo, na ndipo kumbukumbu ya mzee inapothibitishwa. Kama alipewa tuzo ya ushujaa, tafuta jina lake katika WO 373.

Malipo ya ulemavu yalipitia bomani. Kwa hiyo Nairobi na Dar es Salaam, katika nyaraka za taifa, omba mafaili ya mkuu wa wilaya wa kwao kuanzia 1945, yale yenye maneno "ex-askari", "pensions" au "K.A.R.". Ukitafuta chini ya "jeshi" peke yake utapitwa na mengi.

Kama alikufa kwa majeraha

CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, huhesabu waliokufa hadi 31 Agosti 1921 kwa Vita vya Kwanza na 31 Desemba 1947 kwa Vita vya Pili. Jaribu namba kabla ya jina. Asipoonekana, familia ina haki ya kuomba aongezwe; ripoti ya tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliachwa bila majina. Ushahidi unaotakiwa ni wa aina mbili: kwamba alitumikia jeshi, na kwamba alikufa ndani ya muda huo. Aliyefia nyumbani baada ya kuachishwa anahitaji na wa tatu, unaounganisha kifo na jeraha au ugonjwa alioupata jeshini. Hapo cheti chenye sababu ya kuachishwa na faili la malipo la bomani ndivyo vya kuambatanisha, nakala tu, asili zibaki kwenu.