Kuondoa programu za kudandia ambazo antivirasi haizioni: fuata tarehe

Umepakua programu ya kubadilisha PDF au ya kushusha video, ukabofya Next mara nne tano bila kusoma. Kesho yake kivinjari kinafungukia kwenye ukurasa wa kutafutia usioujua, na kuna "kisafisha kompyuta" kinachodai mashine yako ina mamia ya makosa na kinataka ulipie. Unaskani kwa antivirasi, nayo inakujibu kwamba kila kitu kiko salama.

Antivirasi yako haijaharibika. Programu hizi hudandia kisakinishi cha programu uliyoitaka, na kwenye zile kurasa ulizopita haraka palikuwa na kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki. Kwa maandishi, ulikubali. Ndiyo maana wanaozisambaza hukataa kuitwa wabaya. Kampuni ya Zango, iliyosambaza programu za matangazo, iliishtaki Kaspersky, kampuni inayotengeneza antivirasi, huko Marekani kwa kuzuia programu zake. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaipa Kaspersky ushindi. Hata hivyo kundi hili bado huwekwa kando na virusi, na baadhi ya antivirasi hazilizuii mpaka uwashe mpangilio wake. Isitoshe, majina na faili zake hubadilishwa kila mara, hivyo orodha ya skana huwa nyuma.

Kwa hiyo usizitafute kwa jina. Zitafute kwa muda zilipoingia. Zinazokuja pamoja huingia ndani ya dakika chache, na Windows huandika saa na tarehe karibu kila mahali. Mafundi wengi hukimbilia kufomati, yaani kufuta diski yote na kuweka Windows upya. Napinga hilo kwa nguvu zote, maana nimeona wanafunzi wakipoteza kazi za miezi kwa tatizo ambalo lingeisha kwa subira ya mchana mmoja. Hatua zifuatazo ni za Windows 10 na 11.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili zako muhimu kwenye flashi. Kisha bonyeza Windows + R, andika systempropertiesprotection, hakikisha ulinzi wa diski C umewashwa, halafu bofya Create ili Windows ihifadhi hali yake ya sasa. Ukiharibu kitu, utaweza kurudi hapo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni programu kweli

Matangazo yanayochomoza kwenye kona ya chini kulia mara nyingi ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kujua. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications na uondoe kila tovuti usiyoitambua kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Matangazo yakikoma na hakuna dalili nyingine, umemaliza.

Hatua ya 2: Pata tarehe

Fungua folda ya Downloads, panga kwa tarehe, na utafute kisakinishi ulichokiendesha kabla ya matatizo kuanza. Andika tarehe na saa yake kwenye karatasi. Kisha Windows + R, andika appwiz.cpl, na ubofye safu ya Installed On. Angalia kila kilichoingia siku hiyo. Kuwa makini: programu halali ikijisasisha, nayo huweza kubadilisha tarehe yake, kwa hiyo kuiona Chrome au Edge kwenye siku hiyo si ushahidi wa lolote. Tafuta jina la mtengenezaji usilolijua, au nafasi ya mtengenezaji iliyoachwa wazi.

Hatua ya 3: Iondoe kwa njia yake kwanza

Usianze kwa kufuta folda. Kiondoaji chake kiko humo humo, na ukikifuta utabaki na vipande vilivyotawanyika. Iondoe kupitia appwiz.cpl, moja baada ya nyingine, na usome kila dirisha linalotokea. Baadhi ya viondoaji hukuza kitufe cha kubakisha programu na kukififisha kile cha kuiondoa. Vingine hukupendekezea programu nyingine badala yake. Fanya hivi Windows ikiwa katika hali ya kawaida. Kwenye Safe Mode huduma ya Windows Installer kwa kawaida haifanyi kazi, na viondoaji vingi vitagoma.

Hatua ya 4: Tafuta kinachoirudisha

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaondoa programu, wanazima kompyuta wakiwa na furaha, na asubuhi imerudi. Haikurudi yenyewe, kuna kazi iliyopangwa au huduma iliyobaki nyuma ikaipakua tena.

Andika taskschd.msc kwenye Windows + R. Bofya Task Scheduler Library, na kwa kila kazi angalia vitu viwili: tarehe ya kuundwa, na faili inayoitwa kwenye kichupo cha Actions. Tilia shaka kazi iliyoundwa siku ile ile, inayoanza kila unapoingia, na inayoita faili iliyo ndani ya AppData au ProgramData. Shaka hiyo ikue zaidi kama inaita powershell au wscript (programu za Windows za kuendesha amri) ikifuatiwa na mstari mrefu wa herufi. Izime kwanza badala ya kuifuta, na uandike njia ya faili inayoitwa, utaihitaji mbele.

Kisha pakua Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni bure, na inaonyesha sehemu nyingi sana ambazo programu huweza kujichomeka ili zianze pamoja na Windows. Iendeshe kama msimamizi, fungua menyu ya Options na uwashe Hide Microsoft Entries, orodha ipungue. Kinachobaki kipitie polepole ukiwa na ile karatasi ya tarehe mkononi. Ondoa tiki kwenye unachokishuku, usikifute. Ukikosea, unarudisha tiki tu. Kama hujui faili ni ya nini, bofya kulia uone iko folda gani: programu za sauti, kadi ya picha na printa hukaa kwenye folda zenye majina ya watengenezaji wake, na hizo ziache.

Hatua ya 5: Kivinjari

Bofya kulia ikoni ya kivinjari, fungua Properties, usome mstari wa Target. Kwa Chrome, kwa kawaida huishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukiona anwani ya tovuti imeongezwa baada ya hapo, ifute. Angalia pia ikoni iliyo kwenye upau wa chini, kwa kuwa ina njia yake tofauti.

Nenda chrome://extensions uondoe viendelezi usivyovijua. Kama kitufe cha kuondoa hakipo na Chrome inasema inasimamiwa na shirika, ilhali kompyuta ni yako binafsi, fungua chrome://policy. Ukikuta ExtensionInstallForcelist, ndiyo inayokilazimisha kiendelezi kibaki. Fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na pia njia inayofanana nayo ndani ya HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi nakala ya folda hiyo kwa Export, kisha ufute sera hiyo tu. Kompyuta ya ofisi usiiguse hapa. Sera hizo huenda zimewekwa na watu wa tehama kwa sababu nzuri.

Hatua ya 6: Mabaki

Andika %localappdata%, kisha %appdata%, kisha %programdata% kwenye Windows + R. Kila mahali panga folda kwa tarehe, na ufute zile zinazolingana na programu uliyoiondoa au na njia uliyoiandika kwenye hatua ya 4. Angalia pia inetcpl.cpl, kichupo cha Connections, LAN settings: kama proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti) imewashwa na si wewe uliyeiweka, izime.

Vyeti vya usalama husahauliwa, na ni hatari kuliko vyote. Mwishoni mwa 2014 Lenovo iliuza baadhi ya laptopu zikiwa na programu ya matangazo ya Superfish, iliyosakinisha cheti chake cha mzizi, yaani cheti kinachofanya kompyuta iamini kila kurasa zinazothibitishwa nacho, ili iweze kuingiza matangazo hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa HTTPS. Ilipogundulika Februari 2015, ilionekana kwamba kuondoa programu hakukuondoa cheti, na ufunguo wake wa siri ulikuwa mmoja kwenye mashine zote. Kwa hiyo fungua certlm.msc, kisha certmgr.msc, na kwenye Trusted Root Certification Authorities tafuta cheti chenye jina la programu uliyoiondoa. Usifute cheti kwa sababu tu jina lake ni geni. Vingi ni vya mamlaka halali za nje.

Hatua ya 7: Washa kizuizi, kisha anzisha upya

Kama unatumia Defender, antivirasi inayokuja na Windows, fungua PowerShell kama msimamizi uandike amri hii ya kuzuia programu za aina hii:

Set-MpPreference -PUAProtection Enabled

Anzisha kompyuta upya, uitumie siku mbili tatu, kisha rudi kwenye Task Scheduler na Autoruns. Kama hakuna kipya, futa ulivyokuwa umevizima. Kama proksi au cheti kigeni vilikuwepo, badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine, hata kama hujaona dalili ya wizi.