Maganda ya .30-06: mafuta kidogo, presi taratibu

Msimu wa kulungu hapa Montana hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba, na kuanzia Septemba simu yangu haitulii. Waswahili wenzangu wa huku wameanza kuwinda, wengine wameanza na kujijazia risasi gerejini, yaani kuyatumia tena maganda ya shaba yaliyofyatuliwa, na wanajua mimi ni fundi mitambo tangu Tanga. Swali lao kubwa halihusu baruti. Ni hili: "Kaka, ganda limenasa kwenye dai, nifanyeje?" Dai ni ile kalibu ya chuma inayokaa kwenye presi, mashine ya wenzo ya kubania ganda. Basi leo naandika juu ya hatua hiyo moja, kulipaka ganda mafuta na kulirudisha kwenye kipimo. Habari ya baruti itafute kwenye kitabu cha kampuni iliyoitengeneza na ufuate kilichoandikwa, usisikilize mtu wa simu, hata mimi.

Na kabla sijaendelea: Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayeruhusiwa kumiliki bunduki akijijazia risasi za matumizi yake. Tanzania na Kenya bunduki na risasi zake ni mambo ya leseni, kwa hiyo usimtumie binamu yako wa Moshi maelekezo haya ukidhani umemfanyia hisani.

Mimi natumia .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, ndiyo maana ya hiyo 06. Ganda lake ni shaba nyeupe ya risasi, yaani karibu asilimia 70 shaba na 30 zinki. Ukifyatua, shinikizo hulivimbisha mpaka likakumbatia kuta za chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa, kisha linarudi ndani kidogo tu. Halirudi lilivyokuwa dukani. Ili liingie tena bila kugoma inabidi libanwe, na kinacholibana ni dai, kalibu ya chuma kigumu yenye umbo la chemba ila nyembamba zaidi. Chuma kinasugua shaba kwa nguvu kubwa ya wenzo. Pasipo utando wa mafuta kati yao, shaba inaganda kwenye chuma na hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa. Wenye bastola hawana shida hiyo, kwa kuwa dai nyingi za maganda yao yaliyonyooka zina pete ya kabidi, kitu kigumu kisichohitaji mafuta. Maganda ya bunduki yenye shingo na bega yanataka mafuta, hakuna mjadala.

Yasafishe kwanza. Chembe moja ya mchanga wa mahali pa kulengea shabaha ikiingia kwenye dai itachora mstari kwenye kila ganda litakalofuata. Wakati unayafuta, yakague. Lenye ufa shingoni litupe. Angalia pia juu kidogo ya kitako cha ganda: ukiona pete inayong'aa imezunguka, nyoosha kibanio cha karatasi, kikunje ncha kama ndoano, ukiingize na kukwaruza ukuta wa ndani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikikwama kwenye mfereji palepale penye pete, ukuta umeliwa na ganda hilo linajiandaa kukatika vipande viwili. Mulika tochi ndani vilevile. Tundu moja katikati ndilo tunalolitaka. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni ganda la fataki (kile kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) ya aina ya Berdan, na pini yako ya kutolea fataki itavunjika. Na hakikisha fataki imeshapigwa. Ganda lenye fataki hai haliingii kwenye dai.

Sasa mafuta. Mimi ni mtu wa nta, ile ya kopo dogo iitwayo Imperial Sizing Die Wax. Unagusa kwa kidole, unasugua kidole kwa gumba, unaviringisha ganda katikati yake. Kiasi chake ni kama mafuta ya mgando unayojipaka mdomoni asubuhi ya baridi: unayahisi, lakini huyaoni. Mkazo uweke nusu ya chini, karibu na kitako, maana pale ukuta ni mnene na ndipo dai inapobana kuliko kwingine. Watu wengi hupaka katikati pakang'aa, wakasahau chini, halafu wanashangaa.

Begani usipake kitu. Mafuta hayabanwi. Yakikusanyika kati ya bega na dai hayana pa kwenda, yatabonyeza shaba na kukuachia kishimo. Kishimo kidogo hunyooka chenyewe utakapofyatua, kikubwa ni cha kutupa. Dai nyingi zina kitundu cha kutolea hewa. Kikague kisizibwe na nta ya mwaka juzi.

Ukiwa na maganda mia, nta ya kidole inachosha. Hapo changanya lanolini ya majimaji, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, sehemu moja kwa kumi. Weka maganda kwenye mfuko wa plastiki, nyunyiza, tikisa, kisha yamwage kwenye trei na uyaache mpaka alkoholi yote iruke. Ukiyaingiza yakiwa bado majimaji, umejitengenezea vishimo na pengine mnaso. Fungua mlango wa gereji, na hita ya gesi izimwe, maana mvuke huo unawaka. Kopo la mafuta ya kupuliza nalo lina sharti hilohilo la kusubiri ikauke, na wengi walionasa waliharakisha hapo.

Ndani ya shingo nako kunataka kitu, kwa ajili ya gololi ya kutanulia inayopita wakati ganda linatoka. Brashi ya nailoni yenye nta kidogo sana inatosha. Ukisikia mlio wa kukwaruza wenzo unaporudi, gololi inakauka, na inavuta shingo ikirefuka pamoja na bega lako ulilolipima kwa taabu.

Tukifika kwenye kufunga dai ndipo ninapogombana na watu. Karatasi inayokuja na dai husema ishushe mpaka iguse kishika-ganda (kile kinachoshika kitako cha ganda kwenye presi), halafu ongeza moja ya nane au robo ya mzunguko. Ukifanya hivyo risasi zako zitaingia, sawa. Lakini uzi wa dai hizi una mizunguko 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama inchi 0.071, na moja ya nane ni karibu 0.009. Bunduki ya bolti, yaani ile inayofungwa chemba kwa komeo la mkono, inahitaji bega lisukumwe nyuma inchi 0.002 tu, sawa na milimita 0.05, ambayo kwenye uzi huo ni kama digrii 10 za kuzungusha. Ukilisukuma kupita kiasi, kila ukifyatua ganda linanyooka kwenda mbele kujaza nafasi uliyoiacha, linakonda juu ya kitako, na ile pete ya kung'aa tuliyoitafuta kwa kibanio inazaliwa hapo. Likikatika ndani ya bunduki, gesi ya moto inarudi upande wa uso wako.

Kwa hiyo pima. Nunua kilinganishi cha bega kinachobanwa kwenye kalipa, si ghali. Toa fataki kwenye maganda matano yaliyofyatuliwa kwenye bunduki yako mwenyewe, yapime kutoka kitako mpaka begani, uandike la juu kuliko yote. Fungua dai kama robo ya mzunguko kutoka pale inapogusa kishika-ganda, pitisha ganda lililopakwa, futa, pima. Usishtuke ukikuta limerefuka kuliko lilivyotoka kwenye bunduki. Dai imeanza kubana mwili kabla haijafika begani, na shaba iliyobanwa ubavuni hukimbilia juu. Ganda la namna hiyo laweza kugoma kufungiwa bolti hata kama kabla ya kulipitisha lilikuwa linaingia. Shusha dai kidogo kidogo, paka tena, pima tena, mpaka usome 0.002 chini ya namba uliyoandika. Funga nati ya kufungia. Ganda liingie kwenye chemba na bolti ifunge bila ugomvi. Kama bunduki yako inajipakia yenyewe, acha nafasi zaidi, 0.003 hadi 0.005.

Baadaye, katikati ya kazi, ukiona vipimo vinaruka bila kugusa dai, angalia mafuta kabla ya kulaumu presi. Ganda lililopakwa vibaya linavutika zaidi na linatoka na bega tofauti.

Wenzo uushushe kwa mwendo mmoja wa polepole. Maganda kumi ya kwanza yatakufundisha uzito wa kawaida. Likija moja zito kuliko wenzake, simama palepale, lirudishe, lipake tena. Kulazimisha ndiko kunakong'oa ukingo wa kitako, na ukingo ukishang'oka presi haina tena pa kushika. Ndiyo hali ya karibu kila anayenipigia.

Kama yamekukuta, usigonge kwa nyundo. Pandisha kwanza shina la pini ya kutolea fataki juu kadiri linavyokubali ili lisitobolewe. Toboa kitako kupitia tundu la fataki, kata uzi wa robo inchi wenye mizunguko 20 kwa inchi, weka kipande cha bomba au soketi juu ya kitako kama egemeo, ingiza skrubu ya boliti pamoja na washa yake (kile kiduara cha chuma), kaza. Ganda litatoka taratibu. Vifaa hivyo huuzwa pamoja kama seti, ila mwenye tepu ya kukatia uzi na drili hana haja ya kununua. Kisha isugue dai ndani, maana shaba iliyobaki itanasa ganda linalofuata.

Maganda yaliyokwisha kupita yafute mafuta yote kwa kitambaa chenye spiriti, au uyatie kwenye ngoma ya kusafishia yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa dakika ishirini au thelathini. Ganda lenye utelezi halishiki kuta za chemba, linaisukuma bolti kwa nguvu zaidi, na mafuta yakibaki ndani yanaweza kuharibu fataki na baruti. Halafu pima urefu wote, kwa sababu kubanwa kunarefusha: .30-06 isizidi inchi 2.494, mimi nakata mpaka 2.484. Kwa wenye risasi ya .308 ni 2.015 na 2.005.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Masizi ya fataki yana madini ya risasi, na watoto wasichezee ile trei ya fataki zilizotumika.